Kufikwa au Kuondoka: Kisa cha Jina la Shairi la Kichina "Li Sao"

Yapata miaka mia moja kabla ya Kristo, mwanahistoria Sima Qian alipofika kwenye habari za mshairi Qu Yuan, aliona jina la shairi kuu la mtu huyo linahitaji maelezo kidogo. Akaandika sentensi moja fupi: "Li sao zhe, you li you ye." Maana yake, "Li sao ni kama kusema li you." Kisha akasonga mbele.

Itazame sentensi hiyo vizuri. Ameeleza neno moja kati ya mawili. Sao amelifungua: ni sawa na you, huzuni. Li amelirudisha vilevile lilivyokuja. Kwake halikuwa na utata, na bila shaka wasomaji wake hawakuliona kuwa gumu. Lakini baada ya karne mbili hivi wasomi wawili wakubwa wa nasaba ya Han walikuwa wanalisoma kwa namna mbili zisizopatana, na mabishano waliyoyaanzisha hayajafungwa hadi leo. Mimi nimeyafuata kwa sababu natamani shairi hili lisomwe kwa Kiswahili, na mtafsiri hawezi kugusa mshororo wa kwanza kabla hajaamua ataandika nini juu ya ukurasa.

Shairi na mtu wake

Li Sao (離騷) lina mishororo 373 kwa hesabu ya kawaida, na ni mojawapo ya mashairi marefu kabisa yaliyotufikia kutoka China ya kabla ya himaya ya kwanza. Mapokeo yanalihesabu kuwa la Qu Yuan, mtu wa ukoo wa kifalme katika dola ya Chu, kwenye bonde la mto Yangzi, aliyeishi takriban kati ya mwaka 340 na 278 KK. Alikuwa na cheo kikubwa chini ya Mfalme Huai hadi mshindani wake barazani alipomsingizia na mfalme akamkasirikia. Alionya dhidi ya dola ya Qin, asisikilizwe. Mwaka 299 KK Mfalme Huai alikwenda Qin kwa mwaliko, akazuiliwa, akafia huko. Mwaka 278 KK jeshi la Qin liliuteka Ying, mji mkuu wa Chu. Qu Yuan, kwa masimulizi ya Sima Qian, alikumbatia jiwe akajitupa katika mto Miluo.

Msemaji wa shairi anaanza kwa kutaja nasaba yake tangu mfalme wa kale Gaoyang. Anajipamba kwa mimea yenye harufu nzuri, anapanda mashamba ya maua, na maua yanamgeukia kuwa magugu. Analalamika kwamba bwana wake habaki na neno moja. Anakwenda kuungama mbele ya mfalme mwema wa zamani, Shun, kisha anapaa angani. Bawabu wa lango la mbingu anaegemea mlango na kumtazama tu. Anatafuta mchumba miongoni mwa wanawake wa hadithi za kale, anakosa. Anapiga ramli. Anaambiwa aondoke Chu. Anaondoka, akielekea magharibi kwenye mlima Kunlun, na kinachotokea mwishoni nitakirudia baadaye, kwa sababu bila mwisho huo jina halieleweki.

Maneno li sao hayajitokezi pamoja popote ndani ya shairi. Nyimbo za kale zaidi za Wachina kwa kawaida huitwa kwa maneno ya mshororo wa kwanza, kama tunavyofanya tunapoutaja wimbo kwa mwanzo wake. Li Sao halikuitwa hivyo. Kuna mtu, mshairi mwenyewe au mwingine, aliyekaa akafikiri jina. Mwaka 1977 wachimbaji wa mambo ya kale katika mji wa Fuyang, mkoani Anhui, walifukua kaburi la bwana mmoja aliyefariki mwaka 165 KK, na kati ya vipande vya mianzi vilivyoandikwa wakakuta kimoja chenye herufi nne za shairi hili, kutoka pale msemaji anapotaja siku aliyoshuka duniani. Shairi lilikuwa linasomwa tayari, miaka mingi kabla ya Sima Qian. Ila kipande hicho hakina jina la shairi.

Ban Gu na Wang Yi

Ban Gu, aliyeishi mwaka 32 hadi 92 BK na kuandika historia kubwa ya nasaba ya Han, alisema waziwazi: li ni zao, yaani kukumbana na jambo, kufikwa nalo, sao ni huzuni. Mshairi alifikwa na huzuni akatunga. Katika karne ya 2, Wang Yi, aliyefanya kazi ya kulinganisha vitabu katika maktaba ya kifalme na kututungia sherehe, yaani kitabu cha maelezo, iliyo kamili na ya zamani kuliko zote tulizonazo juu ya mashairi ya Chu, alisema vingine: li ni bie, kuagana, kutengana, sao ni majonzi. Mshairi amefukuzwa, ametenganishwa na bwana wake, na moyo wake umejaa simanzi.

Hawa wawili hawakutofautiana kwa neno hili tu. Ban Gu alimheshimu Qu Yuan kama mtunzi lakini alimlaumu kama mtumishi wa mfalme: alijionyesha mno, alijitukuza, hakujua kunyamaza. Wang Yi alikasirishwa na lawama hiyo. Alikuwa mzaliwa wa Yicheng, ndani ya ardhi ya Chu ya zamani, na utangulizi wa utungo wake mwenyewe unasema kwamba yeye na Qu Yuan ni watu wa nchi moja, hivyo uchungu wake si kama wa wengine. Kwake Li Sao lilistahili heshima ya jing, jina vinalopewa vitabu vitakatifu vya mapokeo ya Kichina, na ndivyo alivyoliandika: Li Sao Jing. Kisha akalifasiri na hilo neno jing kana kwamba Qu Yuan mwenyewe ndiye aliyeliweka: ni "njia," akasema, kwa maana kwamba mshairi katika majonzi yake bado anashika njia iliyonyooka ili amwonye mfalme.

Hapo ndipo imani yangu kwa Wang Yi inapotikisika. Katika karne ya 12, Hong Xingzu, aliyeipanua sherehe ya Wang Yi kwa subira kubwa, alieleza kwamba watu wa kale waliponukuu shairi hili hawakuliita jing. Waliokuja baadaye ndio waliolitukuza hivyo, na Qu Yuan hakukusudia hilo. Mtu aliyeweza kupata maana ya ndani katika neno lisilokuwepo huenda alifanya vivyo hivyo kwa neno lililokuwepo. Simwoni Wang Yi kuwa mwongo. Alimpenda mno mtu wa kwao, akataka kila herufi iseme uaminifu wake.

Kuna jambo jingine linalokorofisha. Sima Qian mwenyewe anatupa habari mbili. Katika wasifu wa Qu Yuan, shairi linatungwa pale mfalme alipoanza kumweka mbali, kabla ya habari ya uhamishoni. Katika barua yake mashuhuri kwa Ren An, ambamo anaeleza kwa nini hakujiua baada ya kuhasiwa kwa adhabu ya kumtetea jenerali Li Ling, anasema: "Qu Yuan alifukuzwa, ndipo akatunga Li Sao." Ukichukua barua, kusoma kwa Wang Yi kunapata nguvu, maana kuna kutengana kwa kweli, kwa njia na mipaka. Ukichukua wasifu, Qu Yuan bado yuko mjini, amefikwa na lawama tu. Nadhani barua imeandikwa na mtu mwenye jeraha anayetafuta wenzake wa jeraha, na tarehe haikuwa shughuli yake pale. Lakini kuutegemeza uamuzi wote wa jina juu ya wasifu ni hatari pia. Mwaka 1922 msomi Hu Shi aliuliza hadharani kama Qu Yuan aliwahi kuwepo, na ingawa wengi hawakumfuata, alitukumbusha kwamba habari karibu zote za maisha yake zimepitia mkono mmoja. Afadhali kulisoma shairi lenyewe.

Ushahidi wa ndani

Li lenyewe limo katika shairi mara kadhaa, na halina msimamo mmoja. Mahali pamoja msemaji anasema: "Kuagana hakunilemei; kinachoniuma ni bwana wangu kubadilika mara kwa mara." Neno la kuagana hapo ni libie, na Wang Yi angeweza kunyoosha kidole: tazameni. Mahali pengine anasema: "Nilisonga mbele sikupokelewa, nikafikwa na lawama, nitarudi nyuma nilitengeneze vazi langu la awali." Kufikwa na lawama hapo ni li you, na you hii ni lawama, si ile you ya huzuni ingawa leo zinatamkwa karibu sawa. Ban Gu naye angenyoosha kidole. Na karibu na mwisho: "Mioyo iliyotengana itapatanaje? Nitakwenda mbali, nijitenge mwenyewe." Hapo ni lixin, mioyo iliyoachana.

Watu wengi huishia hapa wakasema shairi linaunga mkono pande zote mbili. Mimi naona kuna kitu cha kuangalia zaidi, nacho ni neno linalofuata. Li ikiwa ni kutengana, jirani yake ni neno la kuagana, au moyo, au haina jirani kabisa. Li ikiwa ni kufikwa, jirani yake ni jina la baya: lawama, balaa, huzuni. Nenda nje ya Li Sao kidogo. Katika nyimbo za ibada za Chu ziitwazo Jiu Ge, mzimu wa mlimani anayemngoja mpenzi asiyekuja anamaliza kwa kusema, "Namwaza mwana wa bwana, na bure nafikwa na huzuni." Maneno ya mwisho ni li you, yaleyale ambayo Sima Qian aliyatumia kueleza jina la shairi letu. Jia Yi, aliyetunga maombolezo ya Qu Yuan katika miaka ya 170 KK alipokuwa akivuka nchi hiyohiyo akiwa naye amesukumwa mbali na ikulu, anaitumia li hivyohivyo mara mbili: peke yako ulifikwa na balaa hili, ulifikwa na lawama hii. Na Jia Yi yuko karibu na Qu Yuan kuliko msherehesaji yeyote. Kwa mtindo huo, li ikifuatwa na sao, neno la baya, sikio la wakati ule lingesikia kufikwa.

Ban Gu, basi. Lakini maana ya kufikwa haikuzuka hewani, na hapa pana utamu ambao Kiswahili kinaweza kuusikia vizuri. Katika wimbo mmoja wa Shijing, mkusanyo wa kale zaidi wa nyimbo za China, kuna mshororo unaosema sungura anatembea taratibu, na ndege wa mwituni amenaswa wavuni. Kunaswa hapo ni li. Katika maandishi ya kale zaidi, yaliyochongwa kwenye mifupa, umbo la herufi hii linaonyesha ndege na wavu wenye mpini. Mimi nikisoma "kufikwa" naona huzuni ikitembea na kubisha mlangoni kwangu, maana fika ni ya mwenye safari. Katika picha ya Kichina wavu umetulia. Ndege ndiye anayeruka hadi umnase.

Na bado kuna swali la kwa nini neno moja libebe kunaswa na kuachana pia. Wanaojifunza Kichina hulalamika sana juu ya hili. Mswahili asishangae. Mtu akifa, yeye ndiye aliyeondoka, lakini sisi tuliobaki tunasema tumefiwa, tumeondokewa. Kitenzi ni kilekile, ila kwa viambishi vyake Kiswahili kinakuambia nani anaondoka na nani anaachiwa kilio. Kichina cha kale hakina viambishi hivyo. Kinaiacha li pale ilipo na kukuachia wewe uamue kama mtu ameondoka au ameondokewa. Dai Zhen, mwanaisimu wa karne ya 18, alitafuta katikati: li ni kuwekwa kando, kuzibiwa njia. Ni kutengana, naam, ila kutengana unakotendewa. Kati ya maelezo yote ya upande wa Wang Yi, hilo ndilo ninaloliona lina uzito.

Sao nalo tunaliacha kirahisi mno. Kwa kuwa Sima Qian alilieleza, kila mtu akadhani limekwisha. Kamusi ya Xu Shen, ya mwanzoni mwa karne ya 2 BK, inasema sao ni vurugu, kutikisika, na herufi yake imejengwa kwa alama ya farasi. Yan Shigu, msherehesaji wa karne ya 7, alipokubaliana na Ban Gu juu ya li aliongeza maneno machache mazuri: huzuni inayotikisika ndiyo huitwa sao. Qian Chengzhi, katika karne ya 17, baada ya nasaba yake ya Ming kuanguka, alisema hivyohivyo kwa urefu zaidi: moyo umevurugika, kuondoka hawezi, kukaa hawezi. Kwa hiyo "huzuni" ya Kiswahili ni tulivu mno. Tunalo neno fadhaa, na tunalo jakamoyo, ambalo wengi wameanza kulisahau.

Lugha ya Chu

Kuna wasomi waliochoka na mizani hii ya kufikwa na kuachana, wakasema tatizo ni kwamba tunalisoma jina la kusini kwa kamusi ya kaskazini. Wang Yinglin, aliyeishi mwaka 1223 hadi 1296, ndiye aliyeliweka wazo hili kwa ufupi zaidi. Alikumbuka hotuba moja katika Guoyu, kitabu cha hotuba za madola ya kale. Mfalme Ling wa Chu alikuwa amejenga jumba la fahari liitwalo Zhanghua, akamwuliza waziri wake Wu Ju kama si zuri. Wu Ju akajibu kwamba uzuri wa mtawala si majengo; wema na haki visipotendeka, walio karibu wata-sao-li, na walio mbali watapinga. Wei Zhao, msherehesaji wa karne ya 3, ameeleza: sao ni kuhuzunika, li ni kuasi, kumgeuzia mtawala mgongo. Wang Yinglin akaunganisha: sao li ya Wu Ju na li sao ya Qu Yuan ni usemi mmoja wa watu wa Chu, umegeuzwa tu mbele nyuma. Akaongeza kwamba Yang Xiong, mshairi wa Han aliyefariki mwaka 18 BK na kumjibu Qu Yuan kwa tungo kadhaa, aliuita mmoja Pan Lao Chou, jina linalolingana na sherehe hiyo, kwa kuwa pan ni kuasi na chou ni huzuni.

Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilisimama. Linabadilisha kabisa sura ya jina. Kwa Wang Yi na Ban Gu, Li Sao ni hali ya moyo wa mtu mmoja. Kwa Wang Yinglin ni neno la siasa, neno ambalo waziri wa Chu alimwambia mfalme wa Chu usoni: watu wako wa karibu watavunjika moyo na kukuacha. Qu Yuan angekuwa anaweka juu ya shairi lake onyo ambalo kila mtu wa ikulu angelitambua. Lina dosari: kugeuza mpangilio wa maneno mawili si jambo dogo katika lugha ambayo mpangilio ndiyo sarufi yake. Tena Qu Yuan wa shairi anaweza kulalamika, lakini kuasi hataki. Hata hivyo, nisingependa mtafsiri yeyote alifanyie kazi shairi hili bila kuijua hotuba ya Wu Ju.

Katika karne ya 20 You Guo'en, mmoja wa wasomi wakubwa wa mashairi ya Chu, alikwenda mbali zaidi. Katika shairi jingine la mkusanyo uleule, Da Zhao, unatajwa wimbo wa Chu uitwao Lao Shang. Li na lao, alisema, zina mwanzo mmoja wa sauti. Sao na shang vivyo hivyo. Li Sao na Lao Shang ni jina moja lililoandikwa kwa herufi tofauti, na ni jina la mahadhi. Na ndugu wa jina hilo bado yuko hai midomoni mwa Wachina katika neno laosao, manung'uniko, mtu anayelalamika kazini leo huambiwa "anatoa laosao."

Wazo kwamba jina la shairi linaweza lisiseme chochote juu ya yaliyomo si geni kwa msomaji wa pwani yetu. Hamziya imepata jina kutokana na herufi hamza inayofunga mistari ya kaswida ya asili ya Kiarabu, na hakuna anayelitafuta fumbo la moyo ndani yake. Pia maelezo ya You Guo'en yana faida ya kueleza kwa nini Sima Qian alisema "ni kama" na si "ni." Kilichonizuia kumfuata ni Wang Yi. Wang Yi alisherehesha mashairi yote mawili katika kitabu kimoja. Alipofika kwenye Lao Shang alisema ni jina la wimbo. Alipokuwa kwenye Li Sao hakusema hivyo, wala hakugusia uhusiano. Mtu wa ardhi ya Chu, mwenye maktaba ya kifalme mkononi, mwenye hamu ya kuona maana kila mahali, angelipita hilo? Kufanana kwa konsonanti mbili za mwanzo kunatosha kuamsha dhana. Hakutoshi kuifunga.

Kuutupa ugonjwa

Amebaki Qian Zhongshu, msomi wa karne ya 20. Katika kitabu chake Guan Zhui Bian, kilichotoka mwaka 1979, alikubali kwamba li ni kuachana, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza kwa uzito: kuachana na nini? Na kama anayeachwa ni huzuni yenyewe? Jina hili, alisema, ni kama majina ya watu: Qiji, "tupa ugonjwa," au Qubing, "ondoa ugonjwa," jina la jenerali mashuhuri wa Han, Huo Qubing. Au ni kama vichwa vya tungo vya baadaye, "kuifukuza huzuni," "kuusindikiza umaskini." Li Sao ni jaribio la mtu kuyakimbia majonzi yake.

Kwa upande wa lugha simwoni akisimama. Katika majina aliyoyataja vitenzi ni qi na qu, havikuwa li. Li ikifuatwa na baya kwa maana ya kuepukana nalo tunaikuta vizuri kwa Wabuddha wa China, li ku, kuachana na mateso, lakini hao ni watu wa karne za mbele. Katika enzi ya Qu Yuan na Jia Yi, mtu wa li na lawama ni mtu aliyekwisha lawamiwa. Ni kweli pia kwamba jina Qiji lilitumika Chu. Ndugu yake Mfalme Ling yule wa jumba la Zhanghua aliitwa hivyo kabla hajawa mfalme. Hilo linaonyesha kwamba watu wa Chu walijua kuweka matumaini ndani ya jina. Halionyeshi kwamba waliyaweka kwa kitenzi hiki.

Hata hivyo, Qian ndiye pekee aliyelitazama jina akiwa amesoma shairi hadi mwisho. Wengine wanaeleza kwa nini lilianza. Yeye anaeleza linakokwenda: farasi wa angani, magari ya mazimwi, Kunlun, upepo, yote hayo ni mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

Watafsiri wameshapiga kura zao. Marquis d'Hervey de Saint-Denys aliliacha jina bila kulitafsiri alipolitia shairi katika Kifaransa mwaka 1870, na Yang Xianyi na Gladys Yang walifanya hivyo kwa Kiingereza mwaka 1953. Lim Boon Keng, daktari kutoka Singapore aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Xiamen, alichagua kufikwa na huzuni mwaka 1929, na David Hawkes, baadaye, kukumbana na taabu. Ban Gu ameshinda nje ya China bila kelele.

Mimi pia ningempa Ban Gu jina, na Yan Shigu neno la pili, na ule wavu wa kale kitenzi. Ningeandika Kunaswa na Fadhaa. Nimejaribu Majonzi ya Kutengana, na kwa sikio la Kiswahili linageuka wimbo wa mapenzi, jambo ambalo Wang Yi asingelikubali. Nimejaribu Kuyakimbia Majonzi. Hilo linavutia sana, nikalifuta baada ya kurudi kwenye mishororo ya mwisho.

Pale msemaji amefika juu kabisa, katika mng'ao wa mbingu, safari imekaribia kukamilika. Ghafla anatupa jicho chini, anaona nchi yake ya zamani. Mwendesha gari anahuzunika, na farasi wake wanatamani nyumbani. Wanajikunja, wanageuza shingo, hawaendi tena. Kitenzi cha kutamani hapo ni huai, na wenye kutamani ni farasi. Msemaji hajisemei. Kisha ndani ya ubeti wa kufungia, uliotengwa na safari yote, anasema: basi tena, nchini hamna mtu anayenijua, kwa nini niutamani mji wa zamani? Huai, tena ileile, safari hii kinywani mwake mwenyewe.